Hadassa na Pumzi ya Injini

Wakati wa likizo kubwa, ua wa Mama Victorine pale Vutsundo, mjini Butembo, ulijaa watu kabla umande haujakauka. Wanawake walitua mabeseni yao ya mahindi na muhogo, wakapanga foleni mbele ya kinu cha kusaga, na habari zikaanza: nani amerudi kutoka Kampala na bidhaa gani, nani ameonekana Beni na mchumba wa nani, na kwa nini padri alikohoa vile katikati ya mahubiri. Hata mtu asiye na punje ya kusaga aliweza kuja, akakaa, akashiba maneno, akarudi kwake ameridhika.

Hadassa, binti wa Mama Victorine, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na masikio yasiyotosheka. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa moja. Injini ya petroli iliyozungusha kinu ilikuwa na kisanduku kidogo ubavuni, na ndani yake sponji. Hicho ndicho kichujio: hewa ya injini ilipita hapo, na unga uliorukaruka uani ukanaswa usiingie ndani. Mahali penye unga mwingi namna ile, sponji ilitakiwa kufuliwa kwa sabuni kila siku, ikamuliwe, ikauke, ndipo irudishwe. Kufua hakukumsumbua. Kusubiri ikauke ndiko kulikomuudhi, maana habari tamu hazimsubiri mtu.

Siku hiyo habari zilikuwa tamu kupita kiasi. Kesho yake dada yake mkubwa, Rébecca, angeolewa, na wakwe wangefika kutoka Beni na watu wa kujaza basi. Magunia ya muhogo mkavu yalikuwa yamekuja kutoka Kamango, yasagwe yote siku hiyo ili wageni wapate bugali. Hadassa alisimama mbele ya kisanduku, sponji imejaa unga mkononi, na nyuma yake Mama Godelive, jirani yao, alikuwa anaanza: "Sasa huyu dada wa bwana arusi, munajua alifanya nini?"

Hadassa akapata akili ya haraka. Alikumbuka anavyofuta meza: kitambaa kikavu hurusha vumbi, kitambaa chenye maji hulishika. Basi akaikung'uta sponji mara mbili ukutani, akairudisha, akachukua kipande cha kitenge kikuukuu, akakilowesha, akakitandika juu yake, akafunga kisanduku. Kisha akakimbilia kwenye benchi kusikia habari za dada wa bwana arusi.

Injini iliwaka vizuri. Muhogo ulimwagwa, unga ukapanda juu kama ukungu wa milima ya Alimbongo. Lakini gunia la kwanza lilikuwa bado halijaisha, sauti ya injini ilipoanza kuwa nzito. Bomba likatoa moshi mweusi, kinu kikapungua mwendo, mkanda ukalia, injini ikakohoa, ikanyamaza. Mama Victorine akavuta kamba. Ikawaka, ikatapika moshi, ikazima. Akavuta tena, tena, mpaka bega likamuuma.

"Muende muite Ornella," akasema.

Ornella alikuwa fundi wa pikipiki, mwanamke kijana aliyesomea ufundi Beni, ambaye mtaa wote ulimwita yaya, yaani dada, mwenye ovaroli ya bluu, hereni kubwa, na kicheko kinachofika kabla yake. Alipoingia uani akasalimu foleni nzima kwa Kinande, "Mwabukire!" kisha akageukia injini.

"Mama Victorine, moteur yako nilisikia toka kule kwangu. Sauti ya mutu anapanda mulima na mutoto mugongoni!"

"Yaya Ornella, usicheke. Bakwe banafika kesho. Batakula nini, maneno ya hawa bamama?"

"Bakikula hayo batavimba!" akajibu Ornella, na ua wote ukaangua kicheko.

Akachomoa plagi, ile anayoiita bougie, akaiinua mwangani. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii, imefunikwa masizi makavu.

"Hii ni moja ya mbili," akasema. "Inakosa hewa, ao iko na shida ya mafuta. Hadassa, filtre ulisafisha leo?"

Macho yote ya foleni yakamgeukia. Mama yake pia akamtazama.

"Ndiyo, yaya. Nilisafisha."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

"Muzuri sana. Basi kisanduku tukiache. Donc, tuangalie upande wa mafuta."

Mama Godelive akapiga makofi. "Mafuta! Si nilijua? Hiyo ni mafuta ya Ézéchias! Anachanganya na petrole ya taa!"

"Mimi sikusema hivyo, Mama Godelive."

"Hukusema, mais tumekuelewa!" Naye akaliacha beseni lake limshikie nafasi, akatoka nje kuelekea barabarani, na wengine wawili nyuma yake.

Ézéchias aliuza petroli ya chupa kwenye meza kando ya barabara, kadhafi, kama wauzaji wa namna hiyo wanavyoitwa mjini mle. Alikuwa baba wa Shekinah, rafiki wa Hadassa aliyekaa naye dawati moja. Na kwa kadhafi, jina zuri ndilo duka lenyewe. Likichafuka, meza inabaki na chupa tu. Hadassa alitaka kufungua kinywa. Lakini akajiambia: labda kweli ni mafuta. Labda kitenge hakina kosa.

Ornella alikuwa ameinama, anafungua kabureta, huku akiimba. Hadassa akamsogelea. "Yaya, hewa inafanya nini ndani ya injini? Si mafuta ndiyo yanawaka?"

Ornella akaacha kuimba, uso ukamng'aa kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Alihakikisha bomba la mafuta limefungwa na waya wa plagi uko mbali. "Leta kidole gumba. Weka hapa juu ya tundu ya bougie. Usiogope, moto haiko."

Akavuta kamba polepole. Hadassa akahisi kidole kinanyonywa, kama mdomo wa ndama umekishika. Akashtuka. Papo hapo upepo ukakisukuma nje, puu!

"Inapumua!" akapiga kelele.

"Inapumua kuliko wewe. Hapo ndani kuna pistoni, kama muchi ndani ya kinu. Inashuka, vali ya kuingilia inafunguka, inavuta hewa pamoja na petroli iliyopulizwa kama ukungu. Hiyo ni pigo ya kwanza. Inapanda, vali zote mbili zimefungwa, ule mchanganyiko unabanwa, unabanwa, sawa wageni wote wa arusi mu jikoni ya mama yako."

"Watapigana!" akasema mwanamke mmoja wa foleni.

"Ndiyo hapo! Pistoni inakaribia juu, bougie inapiga cheche."

"Halafu inalipuka?" akauliza Hadassa.

"Batu banasema inalipuka. Mais injini yenye afya hailipuki, inaungua. Moto unazaliwa mudogo karibu na bougie, unatembea mbio mpaka ukuta wa silinda, kama moto mu nyasi kavu. Gesi inapata joto kali, inatanuka, inatafuta nafasi. Milango yote imefungwa. Njia ni moja tu: kusukuma pistoni chini. Ile kusukuma ndiyo pigo ya tatu, na ndiyo inasaga muhogo wenu, hakuna kingine."

"Na pigo ya ine?"

"Vali ya kutokea inafunguka, pistoni inapanda, moshi: toka inje! Halafu inaanza upya. Mapigo ine, na moja tu ndiyo inatoa nguvu. Zile tatu zinabebwa na hili gurudumu nzito hapa. Na mbele umalize kusema 'Hadassa', moto umewaka na kuisha zaidi ya mara kumi."

Hadassa aliitazama injini kana kwamba imeletwa leo. Miezi yote aliyokaa kando yake ilikuwa kelele tu, ya kumzuia asisikie wanawake wanasema nini. Kumbe ndani ya kile chuma chenye mafuta na vumbi moto ulizaliwa na kufa bila kukosea zamu, haraka kuliko kope, ukisukuma kinu kilicholisha nusu ya Vutsundo. Aliona fahari, kama mtu aliyegundua kuwa jirani yake mkimya ni mcheza ngoma hodari.

"Na hewa?" akauliza tena, kwa sauti ndogo.

"Hewa ndiyo chakula kikubwa! Ukipima kwa mzani, inazidi petroli karibu mara kumi na tano. Ikipungua, petroli haiungui yote. Ile inabaki inageuka masizi, bougie inavaa nguo nyeusi, nguvu inapotea."

Hadassa akatazama chini. Nguo nyeusi ya plagi ilikuwa pale, mbele yake, juu ya kitambaa.

Ndipo Shekinah akaingia mbio, mashavu yamelowa machozi. "Tantine Victorine! Batu banazunguka meza ya papa! Banasema ameharibu mulini yako ya kusaga na chakula ya arusi. Kuna bale banataka kumwaga mafuta yake mu mutaro!"

Ornella akachukua chupa angavu, akaijaza petroli kutoka tangini, akaiacha itulie, akaiinua kwenye jua. Ilikuwa safi mpaka chini, bila tone la maji. Akainusa. "Hii mafuta haina kosa. Na kabureta iko safi." Akakuna kichwa. "Hewa ilisafishwa, mafuta ni muzuri, cheche iko. Mie leo nimeshindwa."

Hadassa alimwona Ornella, fundi aliyejua kila kitu cha injini ile, ameshindwa kwa sababu moja tu: alimwamini mtoto. Alimwona Shekinah akifuta pua kwa mkono. Hakuna aliyekuwa anagusa kisanduku. Angeweza kunyamaza, usiku akitoe kitenge peke yake, na hakuna ambaye angejua.

"Hewa haiko," akasema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti. "Yaya, hewa haiko! Nilidanganya. Sikufua sponji. Niliweka kitenge chenye maji juu yake, ili nikae nisikie habari."

Foleni nzima ikasogea kuchungulia. Ornella akafungua kisanduku. Unga wa muhogo ulikuwa umekutana na maji, injini ikaupasha joto, na kitenge kilikuwa kimegeuka kitu kigumu, cheupe, kimeziba njia yote. Ornella akakigonga kwa bisibisi. Kikalia ko, ko.

"Mama yangu! Mutoto amepikia moteur bugali!"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mama Victorine hakucheka. Akamshika binti yake mkono, akamwambia maneno mawili: "Twende barabarani."

Meza ya Ézéchias ilikuwa katikati ya watu. Chupa kadhaa zilikuwa zimelala chini. Yeye mwenyewe alisimama amelikumbatia dumu kubwa kama mtu anayemlinda mtoto. Mama Victorine akamsukuma Hadassa mbele, taratibu.

"Mafuta ya Papa Ézéchias ni muzuri," Hadassa akasema. "Yaya Ornella ameyapima. Moteur ilizimika sababu yangu. Mimi niliziba hewa, kisha nikadanganya. Papa, unisamehe."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mama Godelive akajikohoza. "Mie nilikuwa nauliza tu," akasema, akaanza kuokota chupa.

Ézéchias akamgeukia mtoto. "Ulisema mbele ya bafungue kisanduku, ao kisha bafungue?"

"Mbele, papa," Shekinah akajibu. "Nilikuwa pale. Hakuna mutu alikuwa anajua bado."

"Basi." Akaliweka dumu chini. "Kuja, unisaidie kupanga hizi chupa."

Waliporudi uani Ornella alikuwa amefua sponji, ameikausha juani, ameitia matone machache ya oili, na plagi ameisugua mpaka imeng'aa. Akamwachia Hadassa aishike kamba. Hadassa akavuta kwa mwili mzima. Injini ikanguruma, safi, bila moshi mweusi hata chembe, na kinu kikaanza kuimba. Alifumba macho akajaribu kuyasikia mapigo manne moja moja, ikashindikana kwa wepesi wake. Akatabasamu.

Mpaka mchana unga wa wakwe ulikuwa umejaa magunia. Mama Victorine akamwita binti yake kando, na Ornella akasimama nao, anafuta mikono.

"Umesikia vile moto unafanya kazi mule ndani," mama akasema. "Umefungiwa na chuma, unawaka kwa zamu yake, ndiyo maana unasaga. Maneno nayo ni moto, mwanangu, mais hayana silinda. Uwongo wako ulikuwa cheche moja tu, na uliona karibu iunguze nyumba ya rafiki yako. Kazi ndogo ukiiruka, mutu mwengine ndiye atailipa. Kusema kweli mbele haujashikwa ni vizuri, na mie nakushukuru. Lakini ile moto ingali inatembea huko mutaani. Aliyeiwasha aifuate."

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka nyumba ya mwisho."

Hadassa akajifunga kitambaa kichwani. Shekinah, bila kuulizwa, akajifunga chake. Walianza na nyumba ya kushoto, wakapita kwa mwenye duka, kwa kinyozi, kwa wauza makaa, na kila mlangoni Hadassa alisema maneno yale yale, kuanzia kitenge hadi uwongo, bila kupunguza. Wengine walimcheka, wengine walimpa ndizi. Jua lilikuwa linashuka walipofika kwa kikongwe mmoja ng'ambo ya kijito, aliyekuwa ametega sikio tayari.

"Eti ni kweli Ézéchias anauza mafuta ya uwongo?" akauliza.

"Hapana, koko," akajibu Hadassa, akaketi karibu naye. "Sikia vile ilikuwa."