Mitungi Iliyojazwa Chumbani kwa Shamsiya

Mtungi ulikuwa umefungwa, na bado ulikuwa ukipumua.

Khalifa aliusikia baada ya sala ya Adhuhuri, alipokuwa akifuta chumvi kwenye vifaa vyake vya kuzamia. Alijaribu kukaza vali. Ilikuwa imekazwa tayari. Akainamisha sikio juu ya chuma. Pumzi fupi iliingia, ikasita, kisha ikatoka ndefu, na mluzi mwembamba mwishoni. Aliijua pumzi ile. Alikuwa ameisikiliza ubavuni mwake mwaka mzima, hadi asubuhi ambayo mkewe, Shamsiya, alifariki kwa maradhi ya mapafu.

Khalifa na mdogo wake, Muhanad, walikuwa wakizama chini ya boti bandarini Tanga na kukwangua chaza walioganda matumboni mwake. Baada ya mazishi, mashine iliyokuwa ikimpa Shamsiya oksijeni ilibaki chumbani mwake ikinguruma, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima. Khalifa alikwisha kusikia kwa wazamiaji wenzake kwamba hewa iliyoongezwa oksijeni humwezesha mtu kukaa chini muda mrefu zaidi. Basi akaupitisha mpira wa mashine dirishani, akauunganisha na kompresa yao ya kushindilia hewa iliyokuwa uani, akaanza kujaza mitungi. Alimwambia Muhanad kuwa ni kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba alitaka mashine ile iwe na sababu ya kuendelea kuwaka.

Jambo moja hakulifikiria. Mama mzazi wa Shamsiya, Bi Ghadir, alikuwa akifukiza ubani katika chumba kile kila magharibi, kama walivyofanya wanawake wa ukoo wake, mpaka arobaini ya marehemu ipite. Mashine ilivuta hewa ya chumba. Moshi ukavutwa pamoja nayo, na kilichouitikia ubani kikavutwa pia, kikashindiliwa ndani ya chuma.

"Kaka, jana ulikata kamba niliyokushikia," Muhanad alisema kwa sauti ya chini, wakiwa wameketi gatini.

"Sikuikata. Niliifungua."

"Ukiwa kule chini?"

"Ulikuwa unanivuta, na yeye alikuwa hajamaliza kusema."

Muhanad aliacha kukunja kamba. "Yeye nani?"

"Shemeji yako."

Muhanad alijaribu kucheka. "Ndoa haivuki kaburi, kaka, sembuse maji haya yenye mafuta ya meli. Haya, anasema nini?"

"Ananiuliza kwa nini napanda mapema."

Siku iliyofuata Khalifa alikawia, na Muhanad akashuka kumfuata katika maji yaliyokuwa na rangi ya chai, akipapasa tumbo la boti mpaka alipomkuta kaka yake ameketi juu ya matope kama mtu aliyeketi barazani kwake, kikwanguzi kikiwa kimelala mbali naye, mshale wa kipimo cha hewa ukiwa umekwisha kuingia kwenye wekundu, kichwa chake kikiwa kimeinamishwa upande kwa kusikiliza. Na pale kando yake matope yalikuwa yamebonyea, yakididimia na kuinuka, yakididimia na kuinuka, kwa upana wa mtu mwingine aliyeketi.

Muhanad alimpandisha kwa nguvu, kisha akaenda mtaa wa Usagara kumwita Shekhe Mudathir, aliyejulikana kwa kusomea watu waliopandwa na majini.

"Shikamoo, shekhe," alisema Khalifa, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu." Mudathir aliketi uani mbele ya mitungi, akasoma kwa muda mrefu. Mitungi ikafanya umande ilhali jua lilikuwa kali. "Huyu si mkeo. Ni jini aliyeitikia ubani, akakuta pumzi za mkeo zimejaa chumbani, akazivaa. Anataka ukae naye mpaka hewa ikuishie. Itabidi mitungi yote ifunguliwe, na wa kuifungua ni wewe uliyeijaza."

"Niachie mmoja. Sitauzamia, shekhe. Nitauweka kitandani tu."

Bi Ghadir alijibu kutoka mlangoni. "Mwanangu alikufa akiomba kupumzika, Khalifa. Huyo anaomba kupumua."

Khalifa alifungua mtungi wa kwanza, kisha wengine, na kila mmoja ulitoa upepo mkavu wenye harufu ya ubani. Alipoufikia wa mwisho, alipoizungusha vali kidogo tu, ilitoka harufu ya mafuta ya nazi aliyokuwa akimpaka mkewe nyweleni alipokuwa hawezi tena kuinua mikono, na nyuma ya harufu ile ikatoka sauti, dhaifu, ikikatika katikati ya maneno kama ilivyokuwa ikikatika asubuhi ile: Khalifa, naishiwa, Khalifa, usiniache naishiwa, na mkono wake ukaanza kuirudisha vali, mpaka Bi Ghadir alipokuja akaweka kiganja chake juu ya mkono ule, wakaizungusha pamoja, wote wawili wakimsikia akifa kwa mara ya pili.

Sauti ilipobaki kama uzi, Khalifa aliinama ghafla, akaweka kinywa chake kwenye tundu la vali, akaivuta hewa ya mwisho yote.

Mudathir alimshika taya, akamsomea, akampiga mgongoni. Hakuna kilichotoka. Mtungi ulikuwa kimya, na shekhe akaondoka akiagiza aitwe mara moja ikionekana ishara yoyote.

Arobaini ilipita. Alasiri moja Khalifa alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka barazani, usingizini, na Bi Ghadir akichambua mchele kando yake. Tangu alipomwoa Shamsiya, Khalifa alimwita mama mkwe wake Bi Mkubwa, kwa adabu, hata siku ya msiba.

"Mama," kilisema kinywa cha Khalifa, macho yakiwa yamefumbwa. "Nasikia baridi."

Bi Ghadir alijua kuwa Muhanad yumo ndani, na kwamba angemwita tu, shekhe angefika kabla ya magharibi. Aliweka ungo chini taratibu, usije ukagonga. Akavua shali yake, akamfunika mkwewe mpaka shingoni, akaingiza mapindo chini ya mabega pande zote mbili.

"Lala, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nipo."