Mashine Isiyokunywa Petroli

Siku ya nne Kashindye alilitikisa dumu la petroli lililokaa nyuma ya mlango, akalikuta limejaa vilevile. Mumewe, Nkuba, alikuwa akikoboa mpunga kutwa tangu Jumatatu, na hakuna hata tone lililopungua.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, pale Rujewa. Mashine ilikuwa ya kijiji, vinu viwili vinavyozungushwa na mota moja kubwa. Jenereta yake ilikwama Mbeya, haikufika. Fundi Silvester akaunganisha jenereta ndogo, iliyokuwa ikiwasha taa na redio katika nyumba ya mkulima mmoja aliyehama. Ikakohoa. Mota ikanguruma bila kuzunguka, nyaya zikatoa moshi.

"Mtoto huyu habebi gunia," alisema Silvester.

Lakini wanawake walikuwa wameshapanga mpunga wao, wengine wametembea tangu alfajiri, na Nkuba akaona aibu. Aliweka kiganja juu ya mota akanong'ona, "Yeyote mwenye nguvu, nijazie pengo hili." Vinu vikazunguka.

Sasa, adhuhuri ya siku ya nne, Kashindye alimpelekea chakula. Chini ya mlio wa mashine alisikia mlio mwingine, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ndani palinuka manyoya mabichi yaliyoungua. Jenereta ilikuwa kimya, baridi kama jiwe la mtoni, waya wake umelala sakafuni haukushika kitu, na bado vinu vilizunguka, na mchele ukamiminika mweupe kuliko mchele wowote aliopata kuuona, na katikati ya vumbi la pumba alisimama Nkuba, kiganja kimegandana na bati la mota, mashavu yamebonyea, midomo ikicheza kama anayehesabu usingizini.

"Baba Limi," alinong'ona. "Zima."

"Nilizima Jumatatu ileile."

"Basi ondoa mkono."

"Sijashika, mama Limi. Nimeshikwa. Jua likizama huniachia, likichomoza huniita."

Kesho yake Kashindye alimleta mzee Kalinga, mganga aliyeaminika Usangu nzima. Kalinga akachoma ubani. Moshi haukupanda, ulitambaa chini ukaingia ndani ya mota, wote, kama unanyonywa.

"Nani wewe?" aliuliza Kalinga kwa sauti ya chini.

Kinywa cha Nkuba kikafunguka, lakini sauti haikuwa yake. "Aliomba nijaze pengo. Ninajaza kwa alichonacho."

"Utaondoka lini?"

"Wakiacha kuleta mpunga."

Kalinga akatoka, akawaeleza wanawake waliokuwa kwenye foleni. Waliinamisha macho. Hakuna aliyenyanyua gunia lake.

"Mzee, watoto hawajala tangu juzi," mmoja alisema taratibu. "Tutwange kwa mikono mpaka lini?"

Mganga alikusanya vitu vyake. Alipompita Kashindye alisema tu, "Mwanangu, huyu hakunishinda mimi peke yangu. Tumeshindwa sote." Akashika njia.

Kashindye alijaribu kumfunga mumewe kitandani kwa kamba ya ng'ombe. Asubuhi alikuta kamba imekatika na kitanda kitupu. Nkuba aliendelea kwenda, kila siku mwepesi zaidi, hadi alipoanguka kando ya mota. Waliombeba walikuwa wawili, ingawa mmoja angetosha.

Matanga hayajaisha, mwenyekiti wa kijiji akamteua Mika kuendesha mashine. Kashindye alikwenda kwa Yudith, mke wa Mika, akamsimulia yote bila kuficha. Yudith alisikiliza huku akipepeta. Hakubisha, hakulia.

Wiki ilipopita Yudith alikuja mwenyewe, gunia la mpunga kichwani. Alisimama mlangoni, hakuingia ndani.

"Dada," alisema, "shemeji alidumu siku ngapi?"

Kashindye alijibu, "Ishirini na moja."

Yudith alishukuru, akaliweka gunia vizuri kichwani, akafuata njia ya mashineni, kwani foleni ilikuwa imeshafika barabarani.