Amina Haikuwa Kura

Kila siku baada ya shule, Komeo alikuwa na kazi mbili kabla ya kwenda uwanjani: kuosha vyombo na kubishana na bibi yake. Vyombo viliisha haraka. Mabishano yalikuwa yale yale. Bibi alisema msichana wa darasa la saba havai bukta mbele za watu, na Mungu hapendi. Komeo alijibu kwamba golikipa akiruka na gauni ataanguka nalo, kisha akatoka mbio. Jina la Komeo alipewa na wenzake kwa sababu akisimama golini, mlango umefungwa.

Juma lile mabishano yalitoka nyumbani yakaingia mtaani. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwamba anataka sheria ya maadili: wasichana wasicheze tena mpira kwenye uwanja wa mtaa. Watu wakagawanyika. Fundi mwashi alisema watoto wasipofungwa breki sasa, dini itabaki kwa wazee tu. Kinyozi, ambaye alionekana kwenye nyumba za ibada siku za mazishi na harusi peke yake, alisema dini ni ya mtu na moyo wake, uwanja ni wa wote. Kila aliyekaa kwenye kiti chake wiki hiyo alinyolewa akisikiliza hotuba hiyo.

Jumamosi watu walijaa kwenye ukumbi wa mtaa. Bibi alikaa mbele. Komeo alisimama nyuma na timu yake, bukta ikiwa chini ya sketi. Waliongea wengi, kila mmoja akivutia kwake, mpaka mwenyekiti akasema muda umekwisha, wafunge kwa dua.

Wote wakasimama na kuinamisha vichwa. Mwenyekiti akaomba mvua. Akawaombea wagonjwa, akawaombea watoto wafaulu mitihani. Halafu, kwa sauti ile ile ya upole, akamwomba Mungu aipokee sheria mpya ya uwanja.

“Amina,” ukumbi ukaitikia. Hata kinyozi aliitikia, kwa adabu tu.

Mwenyekiti akafumbua macho. “Nashukuru. Mmekubali kwa sauti moja. Sheria imepita.”

Kinyozi alibaki mdomo wazi. Alikuwa amepitisha jambo alilolipinga wiki nzima. Watu walitazamana, lakini nani angeanza kuibishia dua? Wengine walishaanza kusogeza viti watoke. Komeo aliona uwanja unamponyoka hivi hivi, huku watu wazima wakitazama miguu yao.

“Mwenyekiti,” alisema, “hapa watu walikuwa wanaomba. Hawakuwa wanapiga kura.”

Mwenyekiti alimwambia akae kimya, mtoto hana kura.

“Basi waulize wenye kura. Waulize walikuwa wanamjibu nani, Mungu au wewe.”

Mwenyekiti akauliza mtoto huyu asiye na adabu ni wa nani.

“Ni wangu,” alisema bibi, akasimama. Komeo alijua sasa yamemkuta. “Adabu nitamfundisha mimi. Na bukta yake siipendi, mtaa mzima unajua. Lakini swali lake ninalijibu. Amina yangu nilimpa Mungu. Wewe mwenyekiti ukitaka mkono wangu, niombe nikiwa nimefumbua macho.”

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alisema ni kitu kile kile, mama. Bibi hakukaa. Kinyozi naye akasimama. Kisha fundi mwashi akanyanyuka kwa shingo upande, akasema sheria anaitaka sana, ila anataka kuipata kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti akakosa pa kutokea, akaitisha mikono.

Wanaoitaka sheria walipoulizwa, mkono wa kwanza kupanda juu ulikuwa wa bibi. Komeo aliuona. Wakaulizwa wanaoikataa. Ikapanda mikono ya watu wa ibada na ya wasiojua mlango wa ibada uko upande gani, wala usingeweza kuitofautisha. Ilikuwa mingi zaidi. Sheria ikaanguka.

Njiani kurudi nyumbani Komeo alishindwa kujizuia. “Bibi, umenipinga.”

“Nimekupinga. Na kesho ukimaliza vyombo nitakupinga tena.” Bibi alisimama. “Nisikilize. Ninachokiamini nitakisema mbele za watu, na wakikikataa nitarudi kukisema. Lakini nikishinda kwa kuwavizia wameinamisha vichwa, nimewaibia wao, na nimemfanya Mungu mgambo wangu. Dini yangu haihitaji ujanja. Wewe leo umesema kweli watu wakiwa wamenyamaza. Usiache tabia hiyo. Ila ukimwambia tena mtu mzima ‘Mungu au wewe’, utanitambua.”

Kesho yake Komeo aliosha vyombo, akabishana, akatoka mbio kwenda golini.