Doh ya Mwalimu Okiria

Rafiki yangu Akwii hapendi nisimulie haya, lakini yalimpata. Alikuwa ametumwa tu kupeleka spika ya betri kwenye mazoezi ya kwaya, kanisani Malaba. Mvua ilikuwa inamwagika na stima imepotea, ndani giza tupu. Akaona hapo ndipo pa kuwasikilizisha muziki mpya aliougundua mtandaoni: fidla zilizokwaruza kama misumari kwenye bati, kisha kimya kirefu.

"Zima hiyo takataka!" Ojakol, kiongozi wa besi, akafoka. "Juzi tu tumemzika mwalimu wetu, wewe unatuletea kelele za mapepo?"

"Ni muziki, mzee. Ngoja kidogo."

"Ngoja nini? Toka!" Mama Amuron, mmoja wa waimbaji, akanyakua spika, akaizima.

Ikabaki mvua juu ya mabati.

Ndipo, kwenye kona ya kinanda, mtu akakohoa mara mbili, vile marehemu Mwalimu Okiria alivyozoea kabla ya kuwapa waimbaji noti ya kuanzia. Kisha kutoka kona hiyo hiyo sauti ikatoa doh, noti ya msingi, nzito, taratibu.

Kwa mazoea ya miaka, besi wote wakaipokea, Ojakol wa kwanza. Wakaishikilia, wakingoja mwalimu awape ishara ya kukata.