Nusu ya Kiti

Ukurasa wa vikomo ulikuwa na mistari thelathini na mmoja, na Chemutai aliielewa thelathini. Kila mstari ulitaja kitu ambacho kiwanda cha chai kilikodi kwenye kompyuta za mbali: mashine za kuhesabia, diski za kuhifadhia, njia za kupokelea kilo kutoka kwa mizani za vituo vya majani. Mbele ya kila kitu paliandikwa mahali kilipo, kikomo chake na kiasi kinachotumika. Mahali penyewe palikuwa miji ya ng'ambo ambayo Chemutai hakutarajia kuiona. Mstari wa mwisho tu ndio haukuwa na jina la kitu, na mahali pake palikuwa hapa hapa kiwandani. Mahali: Chepseon. Kikomo: 1. Matumizi: 1.

Kila asubuhi onyo la manjano lilimngoja: mstari huu umefika asilimia mia, ungependa kuongeza? Kila asubuhi alilifunga. Phelix, aliyeishika kazi hiyo ya kompyuta kabla yake kisha akaenda ng'ambo, alimwachia daftari la maelezo, na katika ukurasa wa mwisho aliandika kwa kalamu nyekundu: Mstari wa mwisho usiguswe. Hakusema kwa nini. Watu wa kompyuta ndivyo walivyo, huandika kila kitu isipokuwa sababu.

Mwaka uliotangulia, mvua ya Aprili ilipoamsha majani, vikomo vilijaa siku ya tatu. Mizani ziligoma kupokea, na wakulima wakakaa na magunia yao juani mpaka majani yakapata moto humo ndani na kuwa mekundu. Meneja, Bwana Bosire, hakumgombeza. Alimpeleka tu kituoni, akamsimamisha mbele ya akina mama waliokuwa wamechuma tangu alfajiri, akamwambia awaeleze mwenyewe. Chemutai aliapa kwamba jambo hilo halitamrudia. Kwa hiyo mwaka huu, wiki moja kabla ya mvua, aliufungua ukurasa, na badala ya kuchagua mstari mmoja mmoja aligonga kisanduku cha juu kabisa, kile cha kuchagua vyote. Akaomba kila kikomo kiwe mara nne. Akatuma, akaenda kuchukua chai.

Aliporudi, maombi yote yalikuwa yamekubaliwa. Ofisi ilinuka majani yaliyosahaulika ndani ya gunia, ile harufu ya joto na uchachu. Alifungua dirisha akidhani kuna lori limeegeshwa nje, lakini hakukuwa na lori.

Siku ya pili Jerusa alikuja kulalamikia betri ya mizani yake. Alikuwa karani wa kituo cha bondeni, mwanamke wa vicheko, mnene, aliyezoea kukalia kiti kama mtu aliyekinunua. Siku hiyo alikaa nusu. Alijibana ukingoni, bega moja limeinama, nusu ya pili akaiacha wazi. Chai aliyopewa aliinywa hadi katikati ya kikombe, kisha akakisukuma kikombe kidogo kuelekea upande ule wa wazi. Chemutai alimuuliza kama mgongo unamuuma. Jerusa akasema ni baridi tu, na kweli mkono wake ulikuwa baridi.

Alipoondoka, Chemutai alitazama ukurasa. Mstari wa mwisho ulionyesha kikomo 4, matumizi 2. Ndipo alipokumbuka ile kalamu nyekundu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye, lakini huyu wake alikuja kabla hata mvua haijanyesha. Hata hivyo alijituliza kwamba hesabu za mashine hukosea, akaenda nyumbani.

Mumewe, Kipkurui, alikuwa dereva wa lori la majani. Walikuwa na mtoto mmoja, Chepchumba, wa miaka tisa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule. Jumapili baada ya kanisa Chemutai alipakua ugali na mboga, akamimina mursik, maziwa ya kugandishwa, vikombeni, akaketi, na Kipkurui akaja akipangusa mikono, akavuta kiti chake cha siku zote, akakaa nusu. Chepchumba alicheka, akasema baba anakaa kama mgeni. Kipkurui hakucheka. Alikula mpaka katikati ya sahani, akiacha mstari ulionyooka kati ya ugali ulioliwa na ule ambao haukuguswa, kisha akaisukuma sahani upande wa wazi polepole, kwa adabu, jinsi mtu anavyomsogezea mzee chakula, na Chemutai, aliyekuwa ameshika kijiko hewani, alisikia ile harufu ya gunia ikipanda juu ya harufu ya mboga, na akaona, au alidhani ameona, kitambaa cha kiti kikibonyea pale ambapo hapakuwa na mtu.

Jumatatu matumizi yalikuwa 3.

Hapo hakujidanganya tena. Kulikuwa na mtu mmoja kiwandani aliyekaa nusu miaka yote, na kila mtu alikuwa amemzoea. Ni mzee Ogada wa sakafu ya kunyaushia majani, aliyetoka upande wa ziwa kitambo. Wakati wa chai alikaa kwenye benchi peke yake, ukingoni, na wenzake walisema mke wake marehemu ndiye anayemwekea nafasi. Chemutai alimkuta akigeuza majani chini ya feni, akamsogelea asisikike na wengine.

"Mzee," alinong'ona, "huyo unakaa naye ni nani?"

Ogada aliendelea kugeuza majani. Kisha akamwita nyara, yaani binti yangu kwa lugha ya kwao, jinsi anavyomwita binti yake.

"Umegusa ule mstari, nyara?"

Alimweleza bila haraka. Watu wengine wangekiita kitu hicho jini. Kwao kilikuwa na jina jingine, ambalo hakulitaja. Kilimwingia kwanza binti yake, Adongo, akiwa na miaka kumi na mmoja. Kinakula nusu. Kilikula nusu ya chakula chake, nusu ya usingizi wake, kisha nusu ya maneno yake, hata akawa anaanza sentensi na mwenzake asiyeonekana ndiye anaimaliza. Wachungaji waliomba mpaka wakakauka koo. Mwishowe mganga mmoja akasema kitu hiki hakifukuziki, maana hakina kwingine pa kwenda, lakini kila kinacholishwa hukubali kipimo, mradi kipimo chenyewe kiandikwe pale vinapoandikwa vipimo vya mahali hapo. Wakaandika katika kitabu cha mizani cha kiwanda: mmoja. Ogada akakiomba kimtwae yeye, kimwache mtoto, na kikakubali, kwa kuwa wakati huo kilikuwa na njaa ya mtu mmoja tu. Vitabu vilipoondolewa na kila kitu kuhamishiwa kwenye kompyuta, Phelix, mtoto wa kaka yake, aliuhamisha na ule mstari. Adongo sasa ni mama wa watoto wawili. Ogada alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ungemwona ungesema ni tisini.

"Ilikuwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi," alisema. "Sasa umekipatia wangapi?"

"Wanne."

Mzee alifumba macho. "Basi rudisha. Rudisha saa hii, kabla hakijazijaza nafasi."

Chemutai alikimbia. Aliandika 1, akatuma. Jibu likaja: kikomo hakiwezi kuwa chini ya kiasi kinachotumika. Akaandika 2. Jibu lilikuwa lile lile. Akaandika 3, na mara hiyo ukurasa ukazunguka, ukatulia, ukakubali. Kikomo 3, matumizi 3. Alilaza kichwa mezani akalia, kwa uchungu wa Kipkurui na Jerusa, na kwa furaha pia, furaha aliyoionea aibu, kwamba mlango umefungwa na Chepchumba yuko nje yake.

Mvua ilianza. Majani yakaja kwa malori, mizani hazikugoma, na Bwana Bosire akampongeza mbele ya watu. Nyumbani, Kipkurui alikuwa anapungua kama sabuni. Lori alinyang'anywa, kwa sababu aliendesha amejibana mlangoni huku akizungumza na kiti cha pembeni. Mchungaji Momanyi aliletwa, pamoja na kikundi chake cha maombi, awaombee Kipkurui na Jerusa. Jerusa alianguka, akatoa povu, akainuka na kukaa nusu. Chemutai alifikiria kujitoa badala ya mumewe, jinsi Ogada alivyojitoa, lakini nani angeulinda ukurasa?

Ogada alimpa onyo moja tu.

"Na mimi nisife," alisema. "Nikifa, nafasi yangu iko wazi. Siku hiyo kimbilia mashine kwanza, uandike wawili. Usinililie."

Tangu hapo Chemutai alimlea mzee kama baba mzazi. Alimpelekea uji wa wimbi kila saa nne, akamnunulia koti zito, akampeleka zahanati kifua kilipombana. Ukurasa wa vikomo aliuacha wazi mezani tangu asubuhi hadi jioni. Watu walimsifu kwa moyo wake mwema.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa mchana, wakati mvua ya mawe ya huku kwetu hupenda kuja. Anga ilikuwa nyeusi upande wa msitu, na mabati yalianza kulia, jiwe moja hapa, jiwe moja pale, kisha yote kwa pamoja. Sagini, fundi wa boila na jenereta, alitokea mlangoni akiwa amelowa, kofia mkononi. Alisema mzee Ogada ameanguka kati ya majani. Alisema hakuna haja ya gari.

Chemutai hakumlilia. Aliigeukia kompyuta. Kikomo 3, matumizi 2. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu kulikuwa na nafasi, na aliiona ikiwa wazi hivyo, kama kiti kinachongoja mgeni, na vidole vyake vikatafuta namba mbili na kuigonga, na kabla hajatuma stima ikapotea. Feni za kunyaushia zilinyamaza jengo zima. Kompyuta yake ilibaki na mwanga wake wa betri, lakini taa ndogo za kifaa cha intaneti zilizimika, moja baada ya nyingine, na ukurasa ukaandika kwamba hauna mawasiliano, na simu yake ya intaneti alikuwa amemwachia Chepchumba nyumbani achezee michezo, na ya Sagini ilikuwa kabambe tu, ile simu ndogo isiyo na intaneti, na mwenye kuwasha jenereta alikuwa Sagini huyo huyo, aliyesimama pale mlangoni na kofia yake, akimwombea mzee.

"Washa," alimwambia. "Sagini, nakuomba, washa."

Sagini alikimbia katika mvua ile. Dakika nne zikapita, labda tano. Chemutai alijiambia kwamba watu ni wengi, kuanzia kiwandani mpaka sokoni ni maelfu, kwa nini awe wake. Jenereta ikakohoa. Taa ndogo zikarudi moja moja, ukurasa ukazunguka, ukafunguka.

Kikomo 3. Matumizi 3.

Sagini aliporudi, Chemutai alimwomba ile kabambe, akapiga namba yake mwenyewe. Chepchumba alishika baada ya mlio wa pili.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Kwa nyumba."

"Umekaa wapi?"

"Kwa kiti."

Mabati yalikuwa yanalia sana, ikabidi Chemutai aulize mara mbili.

"Umekikalia kiti chote?"

"Hapana," mtoto alisema. "Nusu. Baba ameniambia nisonge."

Walimzika Ogada Jumamosi ya wiki iliyofuata, huko kwao ziwani, na Adongo alimlilia baba yake bila kujua ni nini hasa anachokililia. Chemutai hakuenda. Siku hizo zote alipiga magoti mbele ya kiti cha mtoto, upande ule wa wazi, akiomba abadilishwe naye. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kipsigis, akamwomba Mungu katikati. Alibembeleza mpaka Kipkurui, ambaye sasa alibakiwa na maneno machache, akamjibu kwa upole kutoka ukingo wake wa meza.

"Hakihami, Mama Chepchumba," alisema. "Kimezoea kuwa wengi." Akapumzika, na Chepchumba, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake, akaimalizia sentensi ya baba yake. "Ongeza mmoja. Wewe tu ndiye uko peke yako."

Alikataa wiki nzima. Kila asubuhi alifungua ukurasa, na kila asubuhi alijikuta akiomba namba isishuke, maana sasa haiwezi kushuka bila mmoja wa hao watatu kwenda kaburini, na wawili kati yao ni wake. Jioni aliandaa vikombe vitano kwa watu watatu. Walikaa mezani, mumewe amesogea, mwanawe amesogea, wakinong'ona na nusu zao, na yeye peke yake amekikalia kiti chake chote. Hakuna aliyemsemesha. Hajawahi kuona upweke kama huo, hata alipofiwa na mamake.

Jumatatu aliwahi kazini kabla ya wengine. Onyo la manjano lilikuwa pale: mstari huu umefika asilimia mia, ungependa kuongeza? Alijua vizuri kwamba nafasi haiandikwi jina la mtu, na kwamba inaweza kumwangukia Bosire, au Sagini, au mama yeyote mwenye kikapu mgongoni. Alilijua hilo, akaandika 4, akatuma. Idhini ilikuja kwa dakika moja.

Harufu ya gunia ilianza kupanda. Chemutai akasogea, akaacha nusu ya kiti, akangoja.