Tumbo Lisilovimba

Kila alasiri, shule ya serikali ikishafungwa, Ansoifa alipita mbio nyumbani kwa mama yake mkubwa, akatupa madaftari ya Kifaransa kitandani, akajitanda mtandio na kwenda chuoni kusoma Kurani. Chuo chenyewe kilikuwa ukumbini mwa nyumba ya mabati ya mwalimu wao, Fundi Koulsoum, mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga. Wasichana kumi na wanne waliketi mkekani, kila mmoja akisoma mahali pake kwa sauti, mpaka jua lilipoanza kutua. Huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu Madagascar ipate uhuru. Asubuhi watoto waliimba wimbo wa taifa kwa Kimalagasi, wakafanya hesabu kwa Kifaransa. Alasiri wakasoma Kiarabu. Na wakigombana, waligombana kwa Kikomoro.

Kwa kugombana, Ansoifa hakuwa na mpinzani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alitoka Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, ambako baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha sukari. Wenzake walimwita Miwa, na kila aliyemwita hivyo alijibiwa papo hapo, awe mkubwa au mdogo. Fundi alikuwa akisema kwamba kama msichana huyu angesoma jinsi anavyojibu, angekuwa amehitimu zamani.

Maneno hayo yalimchoma. Kila mwaka, kwenye Maulidi ya wanawake, msichana mmoja wa chuo alisoma kitabu cha maulidi ambacho marehemu baba yake Fundi alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka huu alichaguliwa Rabiata, msichana mpole ambaye hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Ansoifa alitaka achaguliwe yeye. Mama yake alikuwa anakuja kwa meli kutoka Nosy Be, na Ansoifa alitaka mama amwone akisoma mbele za watu.

Ijumaa moja, Fundi akiwa uani anatia udhu, Ansoifa alikitoa kitabu kwenye mfuko wake wa kitambaa apate kukitazama. Uzi wa zamani ulikuwa umeoza. Aligeuza ukurasa mara moja tu, ukabaki mkononi mwake, umechanika ubavuni. Aliusikia mlango wa uani ukifunguka, akautia ukurasa ndani ya juzuu yake. Alijiambia ataurudisha kesho. Kesho ilipofika alijiambia kwamba, kwa kuwa anao, bora aujifunze kwanza. Mwandiko ulikuwa mgumu, kwa hiyo alichukua penseli ya shule na kuandika kila neno kwa herufi za Kifaransa chini ya mstari, akaukariri wote.

Jumatatu Fundi alikifungua kitabu. Kidole chake kiligusa mahali palipochanika.

"Nani?" aliuliza.

Wasichana waliinamia juzuu zao.

"Haya. Kesho mtakunywa kombe."

Wasichana wote walitazamana kwa hofu. Kombe walilijua. Fundi alikuwa akiandika aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, na mgonjwa akayanywa maji yake. Ilikuwa dawa, na watu walitoka hata Boanamary kuja kuitafuta. Lakini mtaani ilisemwa pia kwamba mwongo akilinywa kombe, tumbo litamvimba. Fundi hakuwahi kulitumia hivyo hata siku moja. Siku ile hasira ilimshinda.

Siku ya pili walijipanga. Kila mmoja alishika sahani, akasema, "Wallahi si mimi," akanywa. Ansoifa alikuwa wa kumi na mbili. Ukweli ulikuwa umemfika mdomoni kabisa. Kisha akamwona Msaidié, yule aliyemtungia jina la Miwa, akimtazama na kutabasamu. Akakaza roho.

"Wallahi si mimi," alisema, akanywa. Maji yalikuwa na harufu ya mawaridi na ladha chungu. Alirudi mkekani, akaweka mkono tumboni na kungoja.

Baada yake ikaja zamu ya Rabiata. Mikono yake ilitikisika hata maji yakamwagika kidogo. Ansoifa hakushangaa, kwa kuwa tangu asubuhi shuleni Rabiata alikuwa akitetemeka kwa baridi juani, meno yakigongana. Rabiata alisema maneno yake kwa sauti ndogo, akanywa, na kabla hajaiweka sahani chini akatapika mkekani.

Wasichana walisogea mbali naye.

"Basi Mungu ametuonyesha," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira. "Nenda nyumbani, Rabiata. Urudi siku utakapokiri. Ansoifa, utasoma wewe."

Na hivyo Ansoifa akapata alichokuwa akikitaka, na hakikumfurahisha hata kidogo. Siku ile alikula sahani mbili za wali wa nazi, makusudi, aone kama tumbo litavimba. Lilishiba tu. Kwenye sala alikunja uso juu ya mkeka, akamwuliza Mungu kwa hasira: mbona mimi nimedanganya na sikuumwa, na yule hakudanganya ameumbuka? Kama kombe halijui mwongo ni nani, mimi nimwogope nani? Hakujibiwa. Alikasirika siku mbili nzima, na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyoshindwa kumtoa Rabiata moyoni.

Alhamisi, nafasi ya Rabiata dawatini ikiwa tupu kwa siku ya pili, Ansoifa hakwenda chuoni. Alikwenda kwao Rabiata. Mama yake, Bi Zaïnaba, alikuwa ameketi mlangoni, macho mekundu.

"Shikamoo, Bi. Rabiata yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko ndani. Anawaka moto, anasema maneno yasiyoeleweka."

"Hamjampeleka hospitali?"

"Hospitali watamfanya nini? Kombe ndilo linalomla. Akikiri atapona. Namwomba akiri, hataki."

Ansoifa alichungulia ndani. Rabiata alikuwa amelala chini ya mablanketi matatu, midomo imekauka.

"Bi, hana cha kukiri. Mimi ndiye niliyeuchana."

Bi Zaïnaba alimtazama kwa huruma. "Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini wewe ulikunywa na hukupatwa na kitu. Mtaa mzima unajua."

Hilo Ansoifa hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kupigwa, si kusifiwa. Alitoka mbio, akapita nyumbani kuchukua juzuu yake, akaingia chuoni bila kubisha hodi, viatu mguuni. Wasichana waliacha kusoma.

"Vua viatu," alisema Fundi.

"Fundi, ukurasa huu hapa. Niliuchana mimi."

Fundi aliupokea, akaugeuza. "Rabiata amekupa uufiche?"

"Hakunipa. Nimesema ni mimi."

"Ulikula kiapo, Ansoifa, ukanywa. Usimtetee mwenzako kwa kujiharibia. Aya za Mungu hazisemi uongo."

"Aya hazikusema kitu," alijibu Ansoifa. Hakuishusha sauti. "Mimi ndiye niliyesema uongo. Rabiata ana homa tangu Jumanne asubuhi, kabla ya kunywa chochote, nami niliketi naye dawati moja nikamwona. Mama yake hampeleki hospitali kwa sababu ya kombe lako. Niandikie jingine kama hutaki kuniamini. Nitalinywa hapa hapa, niseme ni mimi. Nikitapika, nisipotapika, Rabiata bado ana homa."

Msaidié alifunika mdomo kwa mkono. Hakuna mtoto aliyewahi kusema na Fundi namna ile, na kila mmoja alingoja bakora. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa akiutazama ukurasa. Chini ya kila mstari palikuwa na vijineno vya penseli, kwa herufi za Kifaransa, vikienda upande kama mwandiko wa Ansoifa ulivyokuwa ukienda siku zote.

"Soma mstari wa pili," alisema, akiugeuza ukurasa ili Ansoifa asiuone.

Ansoifa aliusoma kwa moyo, na wa tatu, na wa nne, mpaka Fundi akainua mkono kumnyamazisha. Kisha akasimama, akajitanda shuka lake la shiromani, akatoka hata mlango hakuufunga.

Walimbeba Rabiata kwa kigari cha kuvutwa mpaka hospitali, Fundi akimshikilia kichwa, Bi Zaïnaba na Ansoifa wakikimbia nyuma katika vumbi jekundu. Daktari alisema ni malaria, na kwamba kama wangengoja siku mbili zaidi pengine asingekuwa hai. Fundi aliyasikia maneno hayo amesimama wima. Halafu akaketi sakafuni, palepale penye njia ya watu, akalia mbele ya kila mtu.

Rabiata alipata nafuu polepole. Ansoifa aliadhibiwa: hakuruhusiwa kusoma kwenye Maulidi, na kila jioni alibaki chuoni kukishona kitabu upya kwa sindano na uzi wa nta. Alishona bila kunung'unika, isipokuwa siku moja.

"Fundi, mbona Mungu hakunivimbisha tumbo? Ingekuwa rahisi zaidi."

Fundi alivuta uzi, akaukata kwa meno kabla ya kujibu. "Rahisi kwako na kwangu. Mimi nilitaka sahani inifanyie kazi ya kuuliza na kusikiliza. Wewe ulitaka tumbo likufanyie kazi ya kukiri. Mungu alikupa wewe ulimi, mwanangu. Kazi hiyo ni ya ulimi."

Siku ya Maulidi ukumbi ulijaa wanawake, na mama yake Ansoifa alikuwa miongoni mwao, bado ananukia safari ya meli. Kabla ya kuanza, Fundi Koulsoum alisimama. Alisimulia habari yote, bila kuacha kosa lake mwenyewe.

"Aya za Mungu niliziandika kuponya watu," alimalizia. "Nilipozifanya mtego, nilikaribia kumwua mtoto asiye na hatia. Kombe langu ni la mgonjwa, na mgonjwa apelekwe kwa daktari pia. Mtu akikosa, ataulizwa kwa mdomo, na atajibu kwa mdomo. Watoto wangu, mkikosa semeni, hata kama hakuna kitakachowaumbua. Na wakubwa wenu wakikosa, waambieni. Mwenye kuniambia alikuja na viatu mguuni, na nimemsamehe viatu."

Wanawake walicheka, wengine wakipangusa macho. Rabiata akafungua kitabu, mwembamba ndani ya nguo yake mpya, akasoma kwa sauti ambayo bado ilikuwa na uchovu wa ugonjwa. Alipofika kwenye ukurasa ulioshonwa, alishikwa na kizunguzungu, akakwama. Mama yake Ansoifa alimtazama binti yake aliyeketi nyuma kabisa, mahali pa walioadhibiwa. Ansoifa hakuwa na kitabu. Aliinua kichwa, akalitamka neno lililofuata, kwa sauti iliyotosha tu kumfikia rafiki yake kule mbele, na Rabiata akaendelea kusoma.