Stoo ya Nyuma

Siku walipokutana, lango la nyuma la nyumba ya wageni wa serikali lilikuwa limejaa watu kama stendi ya mabasi. Rais wa nchi jirani alitarajiwa jioni. Wengine walibeba mazulia mabegani, wengine walishusha majokofu, na mpishi mkuu alikuwa akimgombeza muuza samaki mbele ya askari aliyechoka kukagua vitambulisho. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana mrefu, gauni la bluu lenye vifungo mpaka shingoni, mkoba kaukumbatia kifuani. Idara ya makumbusho ilikuwa imemtuma aandike historia ya nyumba ile, kwa kuwa serikali ilitaka kuifungua kwa wananchi.

Kabla hajajitambulisha, mwanamume mmoja alimpachika ndoo ya maua mikononi.

"Umechelewa," alisema. "Mekundu ukumbini, meupe chumba cha mgeni. Na usikanyage zulia."

"Mimi si mtu wa maua."

"Sasa unafanya nini na maua?"

"Si umenipa wewe."

Huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba. Shati lake lilikuwa jeupe kama sahani, na suruali imenyooshwa mpaka ule mstari wake ungeweza kukata mkate. Wafanyakazi walimwita Bwana Pasi akiwa hayupo. Aliposikia kwamba atamtembeza mwandishi nyumba nzima siku ya ugeni mkubwa, alikunja uso kama aliyeng'ata limau.

Alimtembeza mbio mbio. Nyumba ilijengwa na tajiri wa kigeni kwa ajili ya mke ambaye hakuwahi kuja. Baadaye ikawa ya gavana, na bendera ilipobadilika, ikawa ya wageni wa taifa. Kulikuwa na chumba ambamo mfalme mmoja alikataa kitanda akalala sakafuni. Msimamizi alisema ni unyenyekevu. Mwandishi alikibonyeza kitanda, kikalia kama mlango mbovu, akasema hata yeye angelala sakafuni. Hawakuelewana.

Kwenye dirisha la jiko, mwandishi aliona jengo refu lisilo na ghorofa nyuma ya ua wa miti, rangi imechujuka. Akauliza ni nini.

"Stoo," alijibu msimamizi bila kugeuza shingo.

Akaandika.

Alirudi tena na tena, na kila aliporudi waligombana. Mabishano yakazaa simu za mchana, simu zikazaa matembezi ya jioni, na siku moja mwandishi akajikuta amemwita "mpenzi" katikati ya kumtukana. Hakuirudisha kauli.

"Nani anakunyooshea hizo suruali?" alimuuliza kwenye simu.

"Nina dobi wangu."

"Nimletee gauni langu la bluu basi."

"Hapokei wateja wapya."

Alicheka, lakini jambo moja lilimkereketa. Bwana Pasi hakuwahi kumpeleka kwake. Waliagana kituoni kila mara, naye angesubiri mpaka basi lipotee ndipo aondoke. Mwandishi alianza kuwaza kwamba kuna mke mahali.

Kisha historia ikakamilika, ikapelekwa kwa wakubwa, na asubuhi moja jengo la nyuma likaamka na alama nyekundu ya msalaba ukutani. Litabomolewa, wageni wapate pa kuegesha magari.

Simu ilimkuta mwandishi mezani kwake.

"Umeandika nini kuhusu lile jengo?"

"Asubuhi njema na wewe, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Umeandika nini?"

Akamsomea. Nyuma ya jiko kuna stoo ya zamani isiyo na matumizi.

"Mama yangu analala kwenye hiyo stoo," alisema, akakata simu.

Mwandishi alifika akihema. Mlangoni, chini ya ule msalaba mwekundu, alisimama mama mnene wa kanga iliyofifia, pasi mkononi. Nyuma yake kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri na suruali zimepangwa kwenye kamba, kila moja na mstari wake.

"Ndiye huyu?" mama alimuuliza mwanawe. "Ndiye aliyenifanya gunia la mchele?"

"Ndiye."

"Mwanao ndiye aliyeniambia ni stoo, mama," alisema mwandishi. "Muulize."

Msimamizi alieleza huku akitazama viatu vyake. Tangu enzi za yule tajiri, watumishi walifundishwa kwamba mgeni akiuliza, lile jengo ni stoo. Mgeni asijue kwamba nyuma ya maua kuna watu wanaoanika nguo. Bendera ilibadilika, jibu likabaki. Alifundishwa na babu yake, akalisema hata kwa mtu anayempenda, mdomo ukiwa mwepesi kuliko akili.

"Na dobi?" mwandishi aliuliza. "Hilo nalo ulifundishwa na babu?"

"Dobi gani?" mama aliuliza.

Mwandishi akamweleza. Mama aliiweka pasi chini taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Umefurahi?" msimamizi aliuliza.

"Wewe unanichukia mimi kwa aibu yako mwenyewe," alisema mwandishi, na akaondoka. Simu zake hakuzipokea.

Walikutana tena siku mkurugenzi wa nyumba za serikali alipokuja kukagua, suti ya kijivu, wasaidizi nyuma kama vifaranga. Mkurugenzi akanyoosha kidole kuelekea ua wa miti.

"Ile ndiyo stoo?"

Msimamizi alimtazama mwandishi. Macho yalimwomba. Mama alishastaafu, hakuruhusiwa kuishi pale. Mwanawe akikiri, kazi iko hatarini. Yeye mwandishi angeweza kusema tu kwamba alikosea kuandika stoo.

"Mimi sisemi," alijibu kwa sauti ya chini. "Mara ya kwanza niliyasema maneno yako. Ona yalipotufikisha."

Kisha Bwana Pasi akanyoosha mgongo.

"Si stoo, mheshimiwa. Ni nyumba. Nilizaliwa humo, na mama yangu yumo. Ndiye aliyenyoosha shuka za kila mgeni aliyelala hapa."

Mkurugenzi aliuliza kwa ukali kwa nini alidanganya miaka yote. Kabla ya chakula cha mchana Bwana Pasi alikuwa amevuliwa usimamizi na kuhamishiwa mapokezi ya uwanja wa ndege, akabebe mabegi ya wale aliokuwa akiwatandikia. Lakini msalaba ulifutwa, mama na mwanawe wakaachwa wabaki, na kwenye bango la bustani mwandishi aliandika upya: Nyumba ya wafanyakazi. Inakaliwa.

Wiki hiyo simu iliita. Mwandishi aliiacha iite, kisha akapokea.

"Nimekasirika bado," alisema.

"Najua. Na mimi pia."

"Uko wapi?"

"Nyumbani."

"Wapi?"

"Nyuma ya jiko." Alikohoa kidogo. "Mama anauliza kama lile gauni la bluu bado linataka pasi."

"Si ulisema hapokei wateja wapya?"

"Wateja hapokei. Anasema anapokea mkwe."

Mwandishi alifunika simu kwa kiganja, akapangusa macho.

"Mwambie mama nakuja," alisema. "Wewe bado sijakusamehe."